Zamu ya Kugeuza Jua

Watu huandikwa hivi wakishakufa. Huyu ninayemwandika hajafa. Yuko ndani ya nyumba, nyuma ya mgongo wangu, amelala, na anakoroma kama pirogi, mtumbwi wa mota, inayotafuta ukingo. Mimi nimeketi uani kwake, juu ya kiti chenye miguu mitatu na jiwe, nachunga pano zake mbili, zile sahani za jua, zisiibiwe, zisikanyagwe na mbuzi, na zisipoteze jua. Leo ni zamu yangu. Mke wangu ana mimba iliyokomaa, na mtaani kwetu, huku juu mwisho wa kata ya Kasuku, mume mwenye mke mjamzito hampelekei mkunga kuku wala sabuni. Anamgeuzia jua.

Nieleze vizuri. Mama Mukunga, ndivyo tunavyomwita wote, ana baiskeli ya umeme, na mtaa wetu hauna umeme. Nguzo zipo. Zilisimamishwa, waya haukufuata, ndege wakazizoea. Kwa hiyo baiskeli inakula jua. Asubuhi pano ziangalie Alunguli, ng'ambo ya mto. Saa sita ziangalie mbinguni. Alasiri ziipe Alunguli kisogo. Na kazi hiyo ni ya wanaume waliotia mimba. Anasema: "Ile ya kwanza muliiweza bila mwalimu. Hii pia mutaiweza."

Hili silo jambo la kuchekesha tu, ingawa tunacheka. Mvua imenyesha siku kadhaa, na mke wangu anaweza kuanza wakati wowote. Betri ikiwa tupu siku hiyo, Mama Mukunga hafiki. Magoti yake yamekwisha, na motari mmoja aliwahi kumwangusha katika tope, akavunjika nyonga. Tangu hapo hapandi pikipiki ya mtu. Anasema kijana akishapata kofia ya chuma anafikiri na kichwa pia ni cha chuma.

Alikozaliwa siwezi kusema. Ukimuuliza ukiwa na njaa ni Kibombo, ukimuuliza umeshiba ni Punia, na mbele ya wakwe ni Kasongo, kwa watu wenye adabu. Umri wake nao haupandi. Mwaka ambao baba yangu alifika miaka hamsini, yeye alikuwa na sitini; baba sasa anakaribia sitini, na yeye amebaki hapo hapo anamngoja.

Wakati wa vita nilikuwa bado tumboni, kwa hiyo ninayoyajua nimeyapata kwa mama yangu, ambaye siku ile alikuwa karibu kuliko wote. Wenye bunduki walipita mitaani mchana kutafuta wanaume wa kubeba mizigo yao. Aliyebebeshwa hakurudi upesi, na wengine hatujawaona mpaka leo. Basi watu walifunga milango na madirisha, wakaziba hata nyufa kwa matambara, na saa sita ya mchana ndani ya nyumba kulikuwa giza kama ndani ya chungu. Mafuta ya taa hayakuwapo. Mshumaa ulikuwa hadithi ya wazee.

Mama Mukunga alikuwa na baiskeli ya marehemu mume wake, yenye dinamo. Aliiegemeza juu ya kigoda, gurudumu la nyuma likaelea, akavuta waya mpaka chumba cha mzazi, akafunga balbu moja. Kisha akampandisha baba wa mtoto kwenye tandiko, chumba cha pili, akamwambia: kanyaga. Baba akikanyaga, taa inawaka. Baba akichoka, mkunga anafanya kazi kwa kupapasa, na mdomo wake hauchoki.

Baba yangu ni fundi wa kushona. Miguu ya cherehani anayo, lakini miguu ya cherehani ina desturi zake: anakanyaga kidogo, anasimama, anakanyaga, anasimama. Taa ikawa inakonyeza.

"Papa, juu ya nini unasimama?"

"Nimefika kwenye pembe, Mama."

"Pembe ya nini? Hapa hatushone mufuko. Kanyaga."

Nilitoka baba alipokuwa kwenye pembe nyingine. Kitovu alikikata gizani, na mpaka leo kinaangalia kushoto. Nikimlalamikia ananiambia nikamdai fundi cherehani.

Wenye bunduki walipobisha, alikwenda mlangoni mwenyewe, mikono ina damu mpaka kwenye kiwiko, akawaambia: "Ingieni, wanangu. Natafuta wa kushika miguu." Hawakuingia hata mara moja. Wanaume wa mtaa wakaelewa kwamba hakuna mahali salama kama nyumba yenye uchungu wa kuzaa. Wakawa wanakuja wasioitwa, hata wazee ambao wake zao walikwisha kuacha kuzaa. Kuna kujifungua kumoja waliofika kukanyaga walikuwa saba, wanapokezana, taa ikawa kali hata mzazi akaomba ipunguzwe, anaona haya.

Sasa usifikiri kwamba ni mama mpole wa watoto. Hawapendi. Mtoto akimlilia mapajani anamrudisha kwa mwenyewe kama chumvi iliyolowa. "Mimi napenda wakitoka," anasema. "Wakishatoka, kazi ni yenu." Damu ya watu haimtishi, lakini mwiba ukimchoma kidole anataka kuketi, anataka maji, anatuachia wosia. Anaswali pamoja na Waislamu wenzake, na akiwa na mzazi anaimba nyimbo za kanisa zote tatu anazozijua, kwa sababu, anasema, zina mapigo mazuri ya kusukumia. Wanaume anawapa maneno ambayo nikiyaandika hapa mama yangu atanipiga. Lile linaloandikika ni hili: "Bwana ni kama pano. Usipomugeuza, anabaki analala."

Baiskeli ilikuja kama mahari. Binti yake wa mwisho aliposwa na mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole mwenye duka la mabati, wajomba walikuja wamejipanga kupokea mbuzi. Mama Mukunga akasimama katikati yao.

"Mbuzi sitaki. Mbuzi anaweza kunibeba?"

"Dada," mjomba mkubwa akasema, "mbuzi si wa kukubeba. Ni wa kula."

"Wewe kula mbuzi, halafu ukuje unibebe."

Wajomba wawili hawasemi naye mpaka leo. Mkwe alikuwa ameona baiskeli za namna ile kwa wenzake mjini Goma, akaagiza moja, ikashuka kwa ndege imefungwa maboksi kama bibi harusi. Watu walisema amepata kichaa cha uzee. Mimi sikusema.

Sikusema kwa sababu miezi michache kabla ya mahari hayo mke wangu alipata uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Tulimtuma mtu kumwita Mama Mukunga. Yeye huwa hana kiburi na hospitali. Akiona mimba imekaa vibaya anakutuma huko mapema, na matusi ya njiani anakufungia. Lakini mimba yetu ilikuwa nzuri, ilichukua tu njia ya haraka, na yeye alikuwa mbali, kwa mwanamke mwingine. Alikuja kwa miguu, na fimbo, katika tope. Alifika kila kitu kimekwisha. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na sisi hatukujua la kufanya. Hakulia hata mara moja. Mama Mukunga aliketi chini, mlangoni, na viatu vyake vya tope, akakaa bila neno mpaka wanawake wakamwinua. Sikuwahi kumwona bila neno.

Basi baiskeli ilipofika, wengine waliona kichaa. Mimi niliona magurudumu.

Chaja yake ilitaka umeme wa ukutani, na ukutani kwake kulikuwa na misumari ya kutundikia sufuria tu. Alianza kwa kinyozi, mwenye jenereta ndogo ya mashine zake. Alichomeka, jenereta ikakohoa, mashine ikafa juu ya kichwa cha mchungaji. Mchungaji alitoka nusu shamba nusu msitu, na Jumapili alihubiri na kofia. Akajaribu kibanda cha kuchajia simu. Simu za mtaa mzima zikakaa kimya siku ile, na vijana wengi waliachwa na wachumba. Mwishowe akampigia mkwe: "Ulinipa ng'ombe, ukasahau majani." Ndipo pano zikaja, na kile kisanduku cha kuufanya umeme wa jua ukubali chaja.

Wa kwanza kupewa zamu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alizigeuza vizuri, kisha wakamwibia kiti alichokalia. Wa pili alizipaka mafuta ya mawese ili zing'are, kama tunavyompaka mtoto siku ya sikukuu; vumbi la mji mzima likaja kukaa juu yake, na baiskeli ikashinda na njaa. Mwingine alizitia kivulini saa sita, kwa huruma, zipumzike joto. Na jirani, mama mtu mzima kabisa, alianika mihogo juu ya pano kwa sababu ni safi na mbuzi hafiki. Mama Mukunga alikula ile mihogo yote. Alisema imeiva na jua lake.

Mimi kazi yangu ni kuziba matairi. Shule niliiacha darasa la pili la sekondari, lakini kichwa hakikuacha. Nikikaa hapa naota nguzo zile zina pano juu, kila nguzo yake, na ndege wanalipia nyumba. Naota pirogi ya betri inavuka kwenda Alunguli bila moshi. Nilimwambia Mama Mukunga. Akaniangalia sana.

"Sawa. Mbele ya pirogi, geuza ile ya kushoto. Kivuli kimefika."

Kivuli kilikuwa kimefika kweli.

*

Hapo ndipo nilipoishia siku ile. Ninaendelea leo, na mambo yamebadilika.

Siku ile jua lilikuwa la kuombaomba, linatoka na kurudi mawinguni. Kibao cha betri kina vijiti vitano. Kufika mchana kulikuwa na viwili. Vingekuwa vitatu, lakini mwenye zamu ya jana yake, mchimbaji wa madini aliyerudi kutoka Pangi juzi juzi, aliona tone moja la mvua akaziingiza pano ndani, akaenda zake kunywa. Vijiti viwili vinampeleka mpaka barabara ya Kibombo, kule mteremkoni mwisho wa nyumba, anakokaa huyo mchimbaji na mke wake mjamzito. Kurudi, hapana.

Mke wangu aliniletea chakula. Akaketi kivulini, mkono kiunoni. Nilikuwa nasifia vijiti vyangu viwili, sikumtazama vizuri.

Ndipo yule mchimbaji akafika mbio, kiatu kimoja.

"Mama. Muke wangu njo hivi."

Mama Mukunga alikuwa amekwisha kuamka, amesimama mlangoni. "Hivi namna gani?"

"Ananitukana."

"Wewe tu?"

"Na mama yangu."

"Na baba yako?"

"Baba alikwisha kufa."

"Nauliza kama alimutukana."

"Ndiyo. Na kaburi."

"Basi iko karibu." Akachukua mfuko wake. Kisha akamwona mke wangu, akaweka mfuko chini, akamshika tumbo kwa mikono miwili, akangoja. Sura yake ikabadilika.

"Wewe ulianza saa ngapi?"

"Asubuhi," mke wangu akasema. "Kidogo kidogo."

Wanawake wawili, kila mmoja upande wake, na vijiti viwili. Kule mteremkoni kulikuwa na mwanamke peke yake na mama mkwe kiziwi. Hapa kulikuwa na mke wangu, na mtoto wetu wa pili, na sisi tulijua kinachotokea Mama Mukunga asipokuwapo.

Mchimbaji aliangalia kidole chake cha mguu. Alijua kijiti cha tatu kiko wapi.

Mama Mukunga akanigeukia, akaonyesha vile vijiti viwili. "Ile moto ya leo njo wewe uliitafuta. Ukisema nibaki, nabaki. Hakuna mutu atakusema."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema baki. Naandika hivi kwa sababu ndiyo kweli, neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mke wangu alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Njia yote ni kushuka," akasema. "Bwana yangu iko na velo. Mara ile nilikungoja, Mama. Leo sikungoje. Nakufuata."

Nilijaribu kwanza motari, nikasimamisha mmoja barabarani. Aliangalia tumbo, akaangalia kiti chake kipya. "Akizalia hapa, nani ataosha?" Akaondoka. Basi tukamkalisha mke wangu nyuma ya ile velo, baiskeli yangu ya kukanyaga, juu ya mto wa kitanda cha Mama Mukunga. Mimi nimeshika usukani na breki natembea kando, mchimbaji anamshika mgongoni. Mama Mukunga mbele, anateleza bila sauti juu ya baiskeli yake, shali imefungwa kichwani, anaimba wimbo wa kanisa. Uchungu ukija, mke wangu anasema "simama," tunasimama, Mama Mukunga naye anasimama, anatungoja bila kugeuka. Ukipita, anasema "haya," tunashuka tena. Watu walitoka nje kutazama. Mwanamke mmoja aliyeuza mkaa akauliza tunapeleka wapi harusi.

Betri ilikata kwenye kona ya mwisho. Mchimbaji hakungoja aambiwe. Alimsukuma Mama Mukunga mpaka mlangoni, kama anasukuma kitoroli cha mawe kule Pangi.

Wanawake wakalazwa mikeka miwili, chumba kimoja. Sisi tukakaa nje. Kutoka ndani tulisikia wake zetu wakitutukana kwa kupokezana, kisha kwa pamoja, na ikaonekana wanapendana sana. Mchimbaji alisema, polepole, "Jana nilikosa." Nikamwambia ndiyo.

Mtoto wake alitoka kwanza. Wa kiume, mwenye sauti ya kuuza samaki. Mchimbaji akaruka, akakumbuka, akaketi tena karibu yangu.

Kisha zamu ikawa ya mke wangu. Nilisikia Mama Mukunga anasema, "Usisukume. Nimesema usisukume. Ngoja nikitoshe." Wimbo ulikuwa umekatika. Nilitazama mlango, ulikuwa mlango wa mabati, wenye tundu tatu za misumari. Sikuota kitu chochote.

Akalia. Kwanza kama paka aliyekanyagwa, halafu kama mtu.

Mama Mukunga alitoka akijipangusa mikono. "Wako ni wa kike. Kitovu kilikuwa kwa shingo, kama ule mwingine. Nimekitosha, kimetoka. Iko muzima. Mubaya wa sura, lakini muzima."

Nililia mbele ya mchimbaji na mama mkwe kiziwi.

"Usilie," akasema. "Atabadilika. Baba yake njo hakubadilika."

Alasiri mawingu yalifunguka, jua likatoka lote, la kutosha kuchaji mji mzima, na pano zilikuwa peke yake kule juu zikiangalia upande usiofaa. Mama Mukunga alitaka nyumbani. Magoti hayakumruhusu, betri ilikuwa imekufa. Tulimpandisha kwenye baiskeli yake, mimi upande huu, mchimbaji upande ule, tukaanza kusukuma kupanda. Alikaa wima kama waziri. Alitutukana mpaka nyumba ya tano au ya sita, kwamba tunapumua kama wazee, kwamba tunamwelekeza kwa shimo, kwamba punda wawili wangefika. Kilima kilipokaza akanyamaza.

Tukasukuma. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Ule wa kwanza, mulimuita nani?"

Nilimwambia hatukumwita. Mtoto ambaye hakulia haitwi, ndivyo wakubwa walivyotuambia siku ile, na tulizika tukarudi.

"Mumuite. Namuombeaka kila asubuhi, na nimechoka kumuita 'ule'. Mungu anaweza kumuchanganya na ya wengine."

Mchimbaji aligeuza uso, akaangalia chini kwenye mto.

Jina nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu mimba ile ilipoanza kuonekana, na sikuwahi kulitoa mdomoni, hata kwa mke wangu. Nikamwambia. Akalirudia polepole, akalirudia tena, asilikosee.

Kisha akapiga usukani kwa kiganja.

"Haya, sukumeni. Hata kesho wanawake watazaa."